Ugali Haujakukosea: Mwongozo kwa Aliyechoka na Dayati

Ukipita soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, asubuhi utakuta karibu kila kitu ambacho dayati za siku hizi zinakikataza: magunia ya mchele wa Kyela na wa Mbarali, mikungu ya ndizi kutoka Rungwe, viazi mviringo vya Uporoto na Njombe, magimbi yenye udongo bado, na msimu ukifika, mahindi mabichi. Nyanda za Juu Kusini zinalisha sehemu kubwa ya nchi kwa vyakula hivi. Halafu mtu aliyekulia hapahapa, aliyesomeshwa kwa pesa ya mahindi, anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp na kuambiwa kwamba wanga ni sumu, aache ugali siku ishirini na moja, atume picha ya mizani kila asubuhi.

Mwongozo huu ni kwa yule aliyeshapita huko mara kadhaa. Kapungua, karudi, kaongezeka, kaanza upya, na sasa hawezi kukaa mezani na watu bila kupiga hesabu kichwani. Fuata hatua moja baada ya nyingine, na usihame mpaka ile ya kwanza iwe imekaa. Kama una kisukari na unatumia dawa, ni mjamzito, au umewahi kujitapisha baada ya kula, anza kusoma hatua ya mwisho kabla ya nyingine zote.

Hatua ya 1: Jua kilo za wiki ya kwanza zimetoka wapi

Wanga ukishameng'enywa unakuwa glukosi. Sehemu inatumika papo hapo. Ubongo peke yake unahitaji kama gramu 120 kwa siku kwa mtu anayekula kawaida. Sehemu nyingine inawekwa akiba kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glaikojeni. Mtu mzima hubeba karibu nusu kilo ya akiba hiyo, na kila gramu yake inashikilia maji ya gramu tatu hivi.

Ukiacha ugali, wali na viazi kwa siku chache, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa njia ya mkojo. Mizani inashuka kilo moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Mafuta ya mwilini bado hayajaguswa sana. Mwenye kundi anachukua picha ya mizani yako, anaisambaza, wengine wanalipa kuingia. Siku ukila pilau ya harusi sahani moja, akiba inajaa, maji yanarudi, mizani inapanda, na unaambiwa umeharibu kila kitu. Hujaharibu. Ni mwili umejaza ghala lake.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1863 William Banting, mfanyabiashara wa mazishi wa London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Keto, dayati ya kuacha karibu wanga wote na kula mafuta mengi, nayo ilianza hospitalini miaka ya 1920, kama tiba ya kifafa. Watu wanapungua kweli kwa njia hizi, na sitaki umwone anayezifuata kama mjinga. Ila mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatiliwa mwaka mzima. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine lilipunguza mafuta, na wote walihimizwa kula mboga kwa wingi na kuachana na sukari na unga mweupe. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitakwimu hapo hakuna tofauti ya maana. Ndani ya kila kundi walikuwepo waliopungua sana na walikuwepo walioongezeka.

Kazi ya hatua hii ni moja tu: toka kwenye kundi linalokudai picha ya mizani. Huna haja ya kuaga kwa maneno marefu.

Hatua ya 2: Rudisha milo uliyoiruka

Dada mmoja wa Kihesa, Iringa, alinieleza siku yake ilivyokuwa wakati ameacha wanga. Asubuhi chai ya tangawizi isiyo na sukari. Mchana tango na yai. Jioni anasonga ugali wa mume na watoto, anapakua, anakaa nao mezani hagusi. Saa tano usiku nyumba imelala, yeye yuko jikoni amesimama, anakwangua ukoko wa sufuria kwa mwiko, anachovya kwenye mchuzi wa maharage uliopoa, huku sikio liko mlangoni asije akatokea mtu. Asubuhi anaapa kuanza upya. Alikuwa na hakika kwamba yeye ni mlafi.

Mwili wake ulikuwa unafanya kazi yake. Mwaka 1944 na 1945 mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea baada ya kukataa kubeba silaha vitani. Kwa wiki 24 walikula kama kalori 1,570 kwa siku, kiasi ambacho dayati nyingi za leo zinakitaja bila kusita. Vijana hao, ambao hapo kabla hawakuwa na shida yoyote na chakula, walianza kukiota usiku, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukasirika ovyo. Chakula kiliporudi, baadhi yao walikula kupita kiasi kwa muda mrefu na hawakujiona wameshiba. Njaa ya kujinyima hufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria unakula nini, panga unakula saa ngapi. Kula asubuhi, mchana na jioni, na kati ya mlo na mlo usipitishe muda wa masaa matano. Kama mchana uko dukani au shambani na jioni ni mbali, weka kitu katikati: ndizi mbivu na karanga, parachichi, hindi la kuchoma, kikombe cha maziwa.

Asubuhi ndiyo mara nyingi imeharibika zaidi, basi anzia hapo. Uji wa ulezi wenye maziwa au karanga zilizosagwa. Magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha na yai. Kiporo cha kande, chakula ambacho bibi zetu walikiamini na mimi nakiamini: mahindi na maharage kwenye sufuria moja, wanga na protini pamoja, na kinakupeleka mpaka mchana bila kutafuta andazi.

Wiki mbili za mwanzo utaona unakula zaidi ya ulivyozoea na tumbo litajaa gesi kidogo. Vumilia. Kile kishindo cha saa tano usiku kitapungua chenyewe, na mara nyingi kinapungua kabla hujagusa kitu kingine.

Hatua ya 3: Mpe ugali wenzake

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Shida ya sahani nyingi za huku ni kwamba wanga umeachwa peke yake. Mlima wa ugali, mboga kijiko kimoja, maharage ya kulowesha tu. Mkoa wa Iringa una chakula tele, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 30. Kudumaa kuna sababu nyingi, zikiwemo maji machafu, maradhi na mzigo wa kazi wa mama. Mlo wa aina moja ni mojawapo. Ninalitaja hili kwa sababu anayekwambia ufute ugali na anayekula ugali mtupu wote wawili wamesahau kuangalia sahani nzima.

Chukua sahani ya kawaida. Nusu yake iwe mboga za majani na matunda. Robo iwe maharage, njegere, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa), samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Anayelima kwa jembe la mkono mwezi wa kumi na mbili atahitaji wanga zaidi ya robo, na asihesabiwe kama mtu anayekaa ofisini siku nzima. Tena usianze kwa kumega ugali upungue. Anza kwa kuongeza mboga na maharage. Ugali utajipunguza wenyewe kwa sababu tumbo lina nafasi yake.

Kuhusu dona na sembe: mahindi yakikobolewa yanapoteza kiini na pumba, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Nyuzinyuzi zinachelewesha glukosi kuingia kwenye damu, na ndizo zinazokufanya ushibe muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na wanga wake utoke zaidi kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na mikunde. Dona, ulezi, kande na maharage vinakufikisha huko bila kununua kitu cha dukani chenye picha ya mtu mwembamba.

Ila dona ina masharti yake. Chambua mahindi kabla ya kupeleka mashine, toa yote yaliyooza, yaliyovunjika au yenye ukungu, maana sumukuvu haiondoki kwa kupika. Saga kidogo kidogo, ya wiki mbili tatu, kwa sababu kiini kina mafuta na unga wake huchacha upesi kuliko sembe. Na kama nyumbani hawajaizoea, changanya na sembe nusu kwa nusu mwezi wa kwanza. Usigeuze mlo wa familia kuwa vita kwa ajili ya unga. Anayependa sembe aile, aongeze maharage na mnafu, hajafanya kosa.

Kiazi cha kuchemsha na chipsi vimetoka shamba moja. Kilichobadilika ni mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4. Chipsi za Jumamosi na watoto ni furaha, zile. Zikiwa mlo wa kila siku kwa sababu ndizo zilizo karibu na kituo, hapo ndipo pa kuangalia, na wa kulaumiwa hapo si kiazi.

Kitu kimoja ninachokuomba ukipunguze kweli ni sukari ya kunywa. Soda ya chupa ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, na hailetei shibe yoyote. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Chai nayo hesabu: vikombe vitatu vya vijiko vitatu vinakupeleka mbali. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea.

Hatua ya 4: Rudi kwenye chakula unachokiogopa, kwa utaratibu

Kila aliyepita kwenye dayati ana chakula kimoja anachokikwepa kama deni. Kwa wengi ni chapati, kwa wengine wali au mkate. Kadiri unavyojikataza ndivyo kinavyokuita.

Tuseme ni chapati. Chagua siku ya kawaida, isiwe ya sherehe. Usifike mezani ukiwa na njaa ya kutetemeka. Asubuhi uwe umekula. Pika au nunua kiasi cha kushibisha, usinunue moja ya kujipima. Kaa chini, weka maharage ya nazi au mchuzi wa kuku, kachumbari pembeni, simu weka mbali. Kata kipande, tafuna, sikia ladha yake. Ukimaliza ya kwanza jiulize kama unataka nyingine. Ukitaka, kula. Usijiadhibu kesho kwa kuruka uji.

Baada ya siku chache rudia. Mara ya kwanza moyo utakwenda mbio na unaweza kula zaidi ya ulivyotaka. Hiyo ni njaa ya zamani inalipwa. Kwa kurudia rudia chapati inapoa, inakuwa chakula kama vingine, na siku moja utaacha nusu yake kwenye sahani kwa sababu umeshiba tu. Ukishafika hapo, nenda kwenye chakula kinachofuata.

Nisemee na jambo hili: kuchagua ule nini ni nafasi ambayo si kila nyumba inayo. Kuanzia Januari hadi Machi, kabla mahindi mapya hayajakomaa, zipo familia zinazokula mara moja kwa siku kwa sababu ghala limekwisha. Mtu aliyekulia kwenye njaa ya namna hiyo anaweza kula haraka na kumaliza kila kilichopo hata leo akiwa na kipato. Kama ndiye wewe, usijicheke. Weka akiba ya chakula ndani, ionekane, na mwili utaanza kuamini kwamba kesho kipo.

Hatua ya 5: Safisha maneno, yako na ya wenzako

Sikiliza unavyojisemea. "Leo nimeharibu." "Nimekula uchafu." "Kesho najifunga." Maneno hayo yanageuza mlo kuwa kesi, na wewe ndiye mshtakiwa kila siku. Sema kilichotokea na uishie hapo: nimekula wali mwingi kuliko nilivyohitaji, nimevimbiwa, jioni nitakula chepesi nikisikia njaa.

Ya wenzako ni magumu zaidi. Kwetu mwili wa mtu ni maongezi ya wazi. Ukinenepa, "maisha yamekukubali." Ukipungua, wanaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa, na wapo waliobaki na kilo wasizozitaka kwa kuogopa minong'ono hiyo. Wakati huohuo simu inamwonyesha binti kiuno ambacho hata mwenye picha hana. Mtu mmoja anavutwa pande mbili kwa siku moja.

Andaa majibu mapema. Wifi akisema, "Wifi, mbona umefutuka hivyo?", mjibu kwa upole, "Nipo salama wifi, niambie habari za watoto." Halafu kaa kimya. Akirudia, mwambie wazi, "Maongezi ya mwili wangu yananichosha, tuongee mengine." Shangazi akikuongezea ugali wakati umeshiba, msifu mkono wake kwanza: "Shangazi, chakula kitamu na nimeshiba kweli, nifungie nikale kesho." Amekupa upendo, umeupokea, na tumbo lako limeheshimiwa.

Kwa watoto kuwa mkali kwa wakubwa wenzako. Usiruhusu binti wa miaka kumi aitwe bonge mbele ya wageni. Usimnyime mlo kama adhabu, usimlazimishe kumaliza sahani, na usijiseme vibaya mbele ya kioo akiwa nyuma yako anakutazama.

Hatua ya 6: Kula ukiwa upo

Hii ni fupi. Shibe huchukua kama dakika ishirini kufika kichwani. Ugali unaliwa kwa mkono, na huo ni msaada: mega tonge dogo, lichezeshe, chovya, tafuna, ndipo umege jingine. Zima video. Katikati ya sahani simama kidogo ujiulize njaa imefika wapi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya na Njombe inapouma, utatamani chakula cha moto na kingi kuliko kawaida. Kula cha moto.

Hatua ya 7: Badilisha kipimo, na ujue wakati wa kuonana na mtaalamu

Weka mizani mbali miezi mitatu. Badala yake angalia: unapanda kilima cha nyumbani bila kusimama? Unalala? Choo kinapatikana bila taabu? Shinikizo la damu na sukari vikoje? Hivyo viwili vinapimwa kituo cha afya, na vinaeleza mengi ambayo mizani haiwezi. Nguo zinazokubana zipeleke kwa fundi azipanue. Na kama send-off yako inakaribia, gauni lishonwe lifuate mwili ulionao leo. Nimeona bibi harusi wengi wakifika ukumbini wana kizunguzungu kwa ajili ya zipu.

Chai na vidonge vya kupunguza tumbo viache kabisa. Nyingi kati ya chai hizo zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji.

Mwenye kisukari: kupunguza wanga kunaweza kukusaidia, lakini ukiwa kwenye insulini au vidonge kama glibenclamide, kupunguza ghafla bila dozi kurekebishwa kunaweza kuishusha sukari mpaka ukaanguka. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari mara moja, subiri dakika kumi na tano, pima tena, kisha kula mlo wako. Mpango wa chakula uandae pamoja na kliniki yako kabla hujabadilisha chochote. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze dayati ya kupungua bila ushauri wa kliniki.

Wengine wa kwenda haraka ni hawa: anayejitapisha au kutumia dawa za kuharisha baada ya kula, anayekula kwa siri mpaka anaumia, mara kwa mara, aliyekosa hedhi kwa miezi baada ya kupungua, anayezimia, anayeogopa kula mbele ya mtu yeyote. Haya ni maradhi, yana tiba, na wanaume nao huyapata. Halmashauri zina maafisa lishe, na huduma zao hazihitaji uwe mnene au mwembamba kwanza. Uliza hospitali ya wilaya. Wakiona inahitajika watakupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambako unaweza kuonana pia na mtaalamu wa afya ya akili.

Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari siku tatu za ulaji wako, pamoja na ule wa usiku. Beba pakiti za kila chai na kidonge ulichotumia. Ukishindwa kusema, mpe daftari asome.